Karatasi ya Marceline na Maumivu ya Nyumba Muzima

Tangu juzi munanifuata sawa kuku alisha kuona mahindi: "Nkambo, utuandikie mambo ya Marceline. Nkambo, andika." Mi, bibi yenu, niliacha masomo mu mwaka ya tatu ya primeri. Mukono yangu ilizoea jembe na muiko, haikuzoea biki. Na mu hii avenyi, mutaa yetu, kuko bantu balisoma paka ku université, banakaa mbele ya mulango siku muzima kutazama telefone. Juu ya nini beye habaandike? Lakini nikibaachia, mutasikia kama Marceline alilogwa, ao kama alikuwa muvivu, ao kama munganga alimupa kidonge kimoja na akapona saa ileile. Uongo, yote tatu. Basi mukae. Na muntu asinikate maneno mbele nimalize.

Marceline, muke ya Constantin, bantu ya kartie yetu ya Hewa Bora balimujua kwa mukono yake. Kukiwa kilio, kukiwa ndoa, ao padiri mupya akifika ku paruasi, masufuria makubwa yanapanda juu ya moto, na kunatafutwa muntu ya kupiga bukari, ile ugali yetu, ya bantu mia mbili. Ile haiko bukari ya kugeuza na mukono moja na mwingine unashika telefone. Muiko yake iko murefu sawa jembe, na unga ikisha kushika, inavuta mukono sawa ng'ombe anakataa kamba. Marceline alikuwa anaigeuza huku anaimba. Ungetafuta donge moja mu bukari yake, ungechoka. Banamama balikuwa banasema: "Muite Marceline kwanza. Bengine tutabahesabu nyuma."

Sasa mama yake mwenyewe akafa kule Kabongo. Marceline akaenda kulia, akalala chini mu matanga juma mbili, akarudi na malaria. Malaria ikaisha. Mwili haikurudi.

Ilianza mu mabega. Ikashuka mu mugongo, ikaingia mu kiuno, ikafika ku magoti, ikapanda tena ku shingo, sawa mugeni anatafuta nyumba ya kulala na anagonga kila mulango. Asubuhi aliamuka muchovu kupita vile alilala. Abigaïl, binti yake, akimushika bega kwa mapendo tu, mama anaruka. Akaanza na kusahau. Alitia chumvi mara mbili mu sombe, mboga ya majani ya muhogo. Siku moja alisimama katikati ya soko ya Kampemba na kitunga mu mukono, hajue alikuya kununua nini, na muuza samaki kapenta akamuuliza: "Mama, unanunua ao unatuhesabu?"

Ku dispanseri balimuambia: malaria. Akakunywa dawa. Balimuambia: tifoidi. Akakunywa dawa. Balimupiga picha ya mugongo: hakuna kitu. Balimutosha damu: damu muzuri. Kila karatasi ilirudi safi sawa shati ya Pasaka. Weye utasema, si furaha ile? Kwa Marceline ilikuwa bahati mubaya, juu mu nyumba yake kulikuwa Kapya.

Kapya njo mama ya Constantin. Bwana yake, marehemu, alitumika ku reli miaka makumi tatu, na yeye mwenyewe kichwa yake iko mugumu sawa ile miti inalala chini ya reli. Alishika zile karatasi safi, akazihesabu sawa karata, akasema:

"Damu nzima. Mifupa nzima. Basi kitu inagonjwa njo gani? Mi naijua jina yake. Inaitwa buvivu."

"Mama, inamuuma kweli," Constantin akasema.

"Weye nyamaza. Nilikuzaa asubuhi, na mangaribi nilikuwa natwanga."

Constantin njo sudere, muunga chuma, anainua mulango ya chuma peke yake, lakini mbele ya mama yake anakuwa laini sawa mukate mu chai.

Na shida ilikuwa na tarehe. Mu mwezi ya munane Estelle, binti ya mwisho ya Kapya, alikuwa ataolewa na Kasereka, kijana ya Butembo, kwabo banauzisha maharagi kwa malori. Kapya akatangaza mbele ya banamama ya avenyi, nyuma ya misa: "Ndoa ya Estelle, muiko iko ya Marceline. Kama hataishika, basi afunge bintu yake arudi kwabo Kabongo. Mi siwezi kulisha muntu mwenye mikono mbili na hana hata moja." Banamama bakacheka. Marceline hakucheka. Alijua Kapya hatishe bure: muke ya kwanza ya kaka ya Constantin alirudi kwabo kwa neno ndogo kupita ile.

Ilibaki miezi tatu.

Constantin njo alisikia habari ya munganga moja mu kliniki ndogo ya Kampemba, binti ya Kivu, Bénédicte Kasoki. Ile munganga haikuwa ya kukimbiza bantu. Alimuuliza Marceline namna anasinzia, namna anaamuka, nani alikufa, anasahau nini. Kisha akamufinya bega.

"Hapa inauma?"

"Kidogo tu, Dokta."

Macho yake ilijaa machozi, lakini "kidogo tu". Kwabo balimufundisha kama muke mwenye kulia mbele ya mugeni analeta haya ku bazazi.

Munganga akaona yale machozi. Akatosha karatasi moja na picha ya muntu juu yake, mbele na mugongo, uchi bila uso, sawa mukate ya kukata. "Enda na hii nyumbani, mama. Kila pahali panapokuuma hii juma, weka musalaba. Usifiche. Urudi nayo."

Marceline akafika nayo ku nyumba. Kapya alikuwa anachagula muchele mbele ya mulango.

"Ile njo nini?"

"Karatasi ya munganga, mama. Ya kuweka misalaba pahali panauma."

"Ya nani?"

"Ya..." Marceline akasita.

Musikie muzuri hapa. Mu nyumba ya Kapya, kukula peke yako iko dhambi kupita kuiba. Mwizi anaweza kuwa na njaa. Ule mwenye kukula peke yake hana kisingizio. Tena Kapya alikuwa na desturi ya reli mu damu. Akaingia mu chumba, akarudi na nailoni, na mu nailoni mulikuwa karte ya familia ya bwana yake, ya kutibiwa ku hospitali ya reli, ya zamani, manjano sawa jino.

"Unaona? Bwana, bibi, batoto saba, na mama yangu mwenyewe. Bantu kumi, karte moja. Moja anagonjwa, moja anakwenda, bote banatibiwa. Vile njo bunganga ya kweli. Sasa hii ya kwako iko ya nani?"

"Ya nyumba," Marceline akasema pole pole.

"Basi shika biki. Magoti yangu, yote mbili. Na jino ya nyuma."

"Mama, picha haina kinywa."

"Weka ku shingo. Munganga alisoma, atajua jino ilishuka."

Constantin akarudi ku kazi, akatia mugongo yake na mukono ya kuume. Estelle akatia visigino, juu ya viatu ya ndoa alikuwa anavijaribu kila siku mu nyumba. Jeanne, jirani, alikuya kuomba moto ya mbabula, jiko yake ya makaa.

"Munafanya nini hapa?"

"Tunatibiwa," Kapya akamujibu.

"Bila mimi? Na hii kichwa yangu inauma tangu siku ya tatu ya juma!"

"Kaa. Marceline, mupe kichwa."

Jeanne akapewa kichwa. Kisha akakumbuka bwana yake mwenye tumbo. Akapewa na tumbo. Abigaïl alisema hana kitu, Kapya akamukaripia kama anaringa, basi akatia kidole alijikata na kisu. Mangaribi ile picha ilijaa misalaba sawa makaburi siku ya Toussaint, sikukuu ya Batakatifu bote, na kila muntu alikwenda kula akiwa na roho muzuri, sawa muntu alisha kumeza dawa.

Juma ikapita. Munganga Kasoki akashika karatasi. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Mama Marceline, huu musalaba ku shingo, uko nje kidogo..."

"Ile njo jino ya mama mukwe."

"Jino ya... na magoti?"

"Ya mama mukwe."

"Mugongo?"

"Ya Constantin. Anasudea akiinama."

"Kichwa?"

"Ya jirani. Na tumbo iko ya bwana yake, lakini ule anakunywa lutuku, ile pombe kali, Dokta, usimuhangaikie."

Munganga alicheka paka akashika meza. Marceline naye akacheka, juu kicheko ya ule binti ilikuwa inaambukiza. Halafu munganga akafuta macho, akauliza pole:

"Na ya kwako iko wapi?"

Marceline akatazama karatasi. Akaitazama mbele, akageuza mugongo. Aliweka ile misalaba yote na mukono yake mwenyewe, na hata moja haikuwa yake.

"Nafasi ilikwisha," akasema.

Kasoki akatosha karatasi ingine, nyeupe, akaiweka mbele yake, akamupa biki, akageuka kutazama dirisha ili asimupe haya. Marceline akaanza. Bega. Bega ingine. Shingo. Mugongo juu, mugongo chini. Kiuno. Alikuwa anaandika na machozi inatonya, na haikuwa machozi mubaya; ilikuwa sawa muntu anashusha muzigo na kila mara anapata ingine chini yake.

"Mama," munganga akasema alipomaliza, "hii ugonjwa iko na jina. Fibromyalgia."

"Jina murefu vile, na mi nilikuwa nafikiri ni mimi tu niliharibika."

"Hukuharibika. Sikia. Mishipa inapeleka habari ya mwili ku kichwa, sawa radio. Kwako sauti ilipanda juu na kitufe kikakwama pale. Muntu anakugusa, kichwa inasikia anakupiga. Bega haina kidonda, ndiyo maana picha ilitoka safi. Lakini ile kelele unaisikia kweli. Hauiwazie, haujifanye."

"Nani aliipandisha?"

"Hatujue yote. Mara inatembea mu familia. Mara inakuya nyuma ya ugonjwa, nyuma ya kilio, nyuma ya miaka ya kulala mubaya. Kwa wengine hatuone sababu hata moja."

Marceline akakumbuka mama yake, namna alikuwa anakaa ku kitanda asubuhi muda murefu mbele ya kusimama, anasema mifupa yake inamugombeza. Hakuna muntu aliyemuuliza ni mifupa gani.

"Dawa iko?"

"Dawa ya kuimaliza, sina, mutu akikuambia anayo, shika kitunga yako ukimbie. Nitakupa kidonge kidogo cha mangaribi, kwa wengine kinasaidia usingizi, tutaona kwako. Lakini dawa kubwa ni kutembea. Kidogo! Leo paka ku kona. Juma ijayo, kona na nyumba mbili. Siku unajisikia muzuri, usikimbie. Siku mubaya, usilale siku muzima. Na upumzike mbele ya kuanguka, si nyuma. Tena unahitaji bantu ya nyumba bakusadiki, na ile haiuzwe ku farmasi. Ule mwenye magoti, uniletee."

Marceline akapeleka habari kama munganga anaita magoti. Hakusema zaidi. Kapya akavaa kitenge ya Noeli, akafunga kitambaa, akaenda na kichwa juu, muntu mwenye kuitwa.

"Nilikuya kusikia majibu yangu," akamuambia munganga mbele ya kukaa.

Kasoki alikuwa na akili. Hakuanza na Marceline. Alimukunja Kapya magoti, alimukunjua, alimuambia kama yamekula umri, akamufundisha namna ya kusimama na akamuandikia mafuta ya kupaka. Jino akamutuma kwa munganga ya meno. Kapya akafurahi, akamutazama Marceline sawa kusema: unaona karte ya familia? Pale njo munganga akatia karatasi mbili juu ya meza, bega kwa bega.

"Hii ya kwanza ni ya nyumba. Na hii ingine?"

Kapya akaangalia. Ya pili ilijaa kupita ya kwanza. "Hii ni ya nyumba ya nani? Beko bangapi?"

"Ni mutu mumoja, mama. Marceline."

Kapya akatazama karatasi, akatazama mukamwana yake. "Damu yake iko safi," akasema, lakini sauti ilikuwa ilishuka.

"Damu inayopimwa ku hospitali haionyeshe hii. Lakini nitakuambia jambo. Ku Ulaya kuko banasayansi balitwaa kitu mu damu ya bagonjwa ya fibromyalgia, bakaitia mu panya. Zile panya zikaanza kuruka zikiguswa kidogo tu. Panya zilitiwa ya bantu bazima, hazikuruka. Bado banatafuta, haijawa jibu ya mwisho, na dawa haijatoka mule. Lakini balifanya vile, na vile njo baliona."

"Panya?"

"Panya, mama."

Kapya akarudisha macho ku karatasi ya pili. Kuko bantu balibishana naye miaka makumi saba hawakumushinda; zile panya zilimushinda.

"Panya haijue kujifanya," akasema mwisho.

Lakini musifikiri aliomba musamaha. Kapya? Mu njia ya kurudi alizungumuza paka mambo ya jino. Kitu moja tu: kesho yake, Marceline alipotoka kutembea paka ku kona, akasikia viatu nyuma yake. Kapya. "Munganga alisema na mi nitembee," akasema. Munganga hakumuambia vile. Bakatembea bote mbili bila neno, na juma ya kufuata bakapita kona, na ingine bakafika ku paruasi, banabishana sasa juu ya kila nyumba banaipita. Kuko siku Marceline hakuweza hata mulango. Ile siku Kapya alikaa mu kiti, akakasirika na jua. Lakini muiko? Neno yake ya muiko, Kapya hakuirudisha nyuma. Na Marceline hakumuuliza. Aliogopa jibu.

Mwezi ya munane ikafika. Parseli, kiwanja ya nyumba ya Kapya, ikajaa banamama, moshi, kuku inalia, masufuria tano juu ya moto. Marceline akafunga kitenge, akashika muiko. Bakamupigia bikelekele. Sufuria ya kwanza akaigeuza muzuri, na akaimba. Katikati ya sufuria ya pili maumivu ikaamuka mu bega, ikateremuka mugongo muzima. Zamani angeimba kwa nguvu zaidi, juu bantu basisikie meno yake inakamatana. Ile siku akaacha kuimba. Akaacha muiko ndani ya bukari, imesimama peke yake.

"Inaniuma," akasema, na alisema kwa sauti. "Bega, na mugongo, na shingo, na magoti. Nakwenda kukaa."

Jeanne, kinywa yake haina mulango, akapiga makofi: "Eee, Mama Abigaïl! Siku hizi uko mama ya Golf, kwa batajiri? Tukuletee na feni?"

Bengine bakacheka, halafu bote bakageuka kutazama Kapya. Marceline alikuwa amesimama, mikono inashuka, anangojea. Bintu yake ilikuwa mu sanduku moja. Kuifunga haingemaliza saa.

Kapya akasimama. Akatembea na yale magoti yake paka ku Jeanne, akavuta kiti chini ya matako yake, Jeanne karibu aanguke, na akaipeleka mwenyewe kwa Marceline.

"Kaa."

"Mama, nani atapiga bukari?"

"Mi nilipiga bukari ya bantu ya reli mbele yako uzaliwe."

Akakamata muiko. Na pale njo tukajua bote siri ingine: Kapya hajue kupiga bukari ya sufuria kubwa. Miaka yote alikuwa anasimama pembeni anatoa amri. Unga ikamushinda, ikamuvuta huku, ikamuvuta kule, alimutukana unga na bazazi yake. Marceline ku kiti akamuelekeza: "Chini, mama! Tosha chini! Usiikimbize!" Estelle, na nguo ya ndoa na visigino vyake, akatoka mu chumba akishika kiuno kwa kucheka. Ile sufuria ilitoka na madonge sawa ngumi.

Bageni ya Butembo bakanawa mikono. Mujomba ya Kasereka akakata tonge, akatafuna, akatafuna tena.

"Bakwe zetu," akasema kwa heshima yote, "bugali ya kwenu iko na mawe."

"Iko desturi ya bantu ya reli," Kapya akajibu bila kupepesa jicho. "Hatulaze kitu bila changarawe chini. Kula, mukwe wetu, ndoa isimame."

Bakakula yote. Marceline alicheka paka mbavu zikamuuma juma muzima, na alisema kwa kila muntu aliyemuuliza, na hata kwa bale hawakumuuliza, kama mbavu zinamuuma.

Hajapona. Kuko siku anatembea paka ku soko na kurudi, kuko siku sahani moja inamushinda. Sufuria ya kwanza njo yake mpaka leo, za nyuma banamama banagawanya, na kila ndoa Kapya anaomba moja, na kila ndoa tunamuzuia.

Nilisha kumaliza. Mukono inaniuma, na nasema waziwazi kama inauma. Sasa ni weye. Simama, zima ile telefone, enda ku jiko ya kwenu, yule mwenye kugeuza bukari mupe kiti, na weye mwenyewe ushike muiko. Kisha uniletee sahani moja hapa nione madonge yake. Na mboga juu, mi sikule bukari mukavu.